Kufundisha Historia ya Jengo Ambalo Halipo Tena: Mfano wa Royal Arcade ya Newcastle

Utangulizi

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumwangalia mwalimu mwanachuo aliyekuwa akifundisha historia katika Darasa la Tano. Somo lake lilihusu soko la zamani la mji ule, ambalo lilivunjwa kabla wanafunzi wale hawajazaliwa. Andalio lake lilikuwa safi. Shabaha ziliandikwa vizuri, mchoro wa soko ulibandikwa ukutani, na sauti yake ilifika hadi dawati la mwisho. Alipokwisha kulisifu jengo lile, paa lake pana na milango yake ya mbao, msichana mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama lilikuwa zuri hivyo, kwa nini walilivunja?" Mwalimu alisita, akamwambia aketi, kisha akaendelea na tarehe zake.

Baada ya kipindi tulikaa na mwalimu huyo chini ya mwembe ili tumpe maoni yetu. Tulipaswa kumweleza jinsi ambavyo angelijibu swali lile. Ukweli ni kwamba sisi wenyewe hatukuwa na jibu. Tulipokwenda kutafuta picha ya soko lile katika ofisi iliyohusika, tuliambiwa kuwa haipo, na ramani pia haipo. Hata mchoro ule wa ukutani ulikuwa umetokana na maelezo ya seremala mmoja mzee. Laiti mzee huyo angalikuwa amekwisha kufariki, somo lile lisingalikuwapo.

Makala haya yametokana na swali la msichana yule. Tunakusudia kuwaonyesha walimu wanachuo namna ya kufundisha habari za jengo lililotoweka, hasa namna ya kupima thamani yake kama urithi bila kulisifu kupita kiasi na bila kulipuuza. Mfano tuliouchagua ni Royal Arcade, jumba la maduka lililokuwa katika mji wa Newcastle upon Tyne, kaskazini mwa Uingereza.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunakwenda mbali hivyo, hali tunawahimiza walimu kuanza na mambo ya karibu na mtoto. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, jengo la karibu lina wenyewe: mzazi wa mwanafunzi huyu alipoteza kibanda chake lilipovunjwa, na mzazi wa yule alipata kazi katika jengo jipya. Ni vigumu kujifunza kupima mambo kwa utulivu kwa kutumia mfano unaouma. Pili, kisa cha Newcastle kina mwanzo, kati na mwisho, na kila sehemu ina funzo. Mwalimu akikifahamu vizuri, atarudi katika soko la kwao akiwa na maswali yanayofaa.

Akedi ni nini?

Kwa kuwa jina lenyewe ni geni, yatupasa kulieleza kwanza. Akedi ni njia ya kupita watu kwa miguu, iliyofunikwa kwa paa, yenye maduka pande zote mbili. Aghalabu huunganisha mitaa miwili, hata mtu aweza kuingia upande huu na kutokea upande ule bila kunyeshewa. Paa lake, au sehemu ya paa hilo, hutengenezwa kwa vioo ili mwanga wa jua upenye hadi chini.

Majengo ya namna hii yalienea katika miji ya Ulaya mnamo karne ya 19. Burlington Arcade ya London ilifunguliwa mwaka 1819, nayo ipo hadi leo. Ili wanafunzi waelewe kwa nini watu walizipenda akedi, mwalimu awaeleze hali ya mitaa ya wakati ule. Magari yote yalivutwa na farasi, na farasi huacha kinyesi njiani. Mvua iliponyesha, matope na kinyesi vilichanganyika. Mnunuzi aliyetaka kutazama bidhaa dirishani alikuwa akikwepa magurudumu huku akilinda nguo zake. Ndani ya akedi hapakuwa na farasi wala matope. Mtu aliweza kutembea polepole, kusimama, kutazama na kuzungumza, hata kama hakuwa na nia ya kununua.

Ufundi nao ulisaidia. Kodi ya vioo iliyotozwa Uingereza ilifutwa mwaka 1845, na chuma cha kusubu kilizidi kupatikana kwa wingi. Hivyo katika miaka ya utawala wa Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, akedi zilijengwa kwa wingi Uingereza na katika makoloni yake. Mji wa Sydney, Australia, ulijenga akedi tano kati ya mwaka 1881 na 1892. Katika hizo tano, moja tu, iitwayo Strand Arcade, ndiyo iliyobaki. Kwa hiyo kisa cha Newcastle si cha pekee. Akedi nyingi zimevunjwa, na kila moja iliacha swali lile lile.

Habari za Royal Arcade

Mjenzi wa Royal Arcade alikuwa Richard Grainger, aliyezaliwa mwaka 1797. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo gatini, na yeye mwenyewe alianza kazi kama mwanagenzi wa useremala. Baadaye alikuwa mjenzi mkubwa kuliko wote mjini kwake. Msanifu wa jengo alikuwa John Dobson, ambaye alichora ramani za majengo mengi ya Newcastle. Kazi ilianza mwaka 1831 na akedi ikafunguliwa mwaka 1832.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Vitabu vingi huyataja majengo ya namna hii kwa jumla kuwa ni ya enzi ya Victoria. Royal Arcade ilitangulia enzi hiyo kwa miaka mitano, kisha ikaishi katika enzi hiyo yote. Mwanafunzi akiona tofauti hiyo katika mstari wa miaka ubaoni, asikemewe kuwa anapinga kitabu. Apongezwe, kwa maana ameanza kufikiri kama mwanahistoria.

Mbele ya jengo, upande wa mtaa wa Pilgrim Street, palikuwa na ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa, wenye nguzo kubwa zilizoiga majengo ya Wayunani wa kale. Aliyepita mlangoni aliingia katika ukumbi mrefu wenye maduka kulia na kushoto. Mwanga ulishuka kutoka katika kuba zenye vioo, ukaangukia sakafuni kwa vipande vipande. Ndani yake mlikuwa na maduka, ofisi na shughuli za benki na posta. Kwa uzuri, majengo machache ya mji huo yaliweza kushindana nalo.

Hata hivyo biashara haikustawi. Jengo lilikuwa upande wa mashariki, mbali kidogo na mahali ambapo wanunuzi walizoea kupita. Njia yake ya nyuma haikuelekea kwenye mtaa wenye shughuli nyingi, kwa hiyo haikuwa njia ya mkato kwa mtu yeyote. Tena, kuanzia mwaka 1834, Grainger mwenyewe alianza kujenga mitaa mipya upande wa magharibi, ukiwamo mtaa maarufu wa Grey Street. Watu wakafuata mitaa hiyo mipya. Kwa maneno mengine, mjenzi yule yule aliwaondoa wateja kwenye akedi yake mwenyewe.

Jengo likaendelea kusimama kwa zaidi ya miaka 130. Katika miaka ya 1960 halmashauri ya mji iliazimia kuubadilisha mji upya. Magari yalikuwa yameongezeka sana, nazo barabara za zamani zilikuwa nyembamba. Mahali pa Royal Arcade palitakiwa kujengwa mzunguko wa magari, ule ambao madereva wetu huuita kiplefti, na juu yake jengo kubwa la ofisi. Mwaka 1963 akedi ikabomolewa.

Haikubomolewa kama kibanda kibovu. Mawe yaliondolewa na kupewa namba, kwa nia ya kulijenga jengo upya baadaye. Nia hiyo haikutimizwa. Husimuliwa mjini humo kwamba namba ziliandikwa kwa chaki, mawe yakawekwa nje, mvua ikanyesha, namba zikafutika. Basi hapakuwa na mtu aliyejua jiwe lipi likae wapi.

Jengo jipya lilikamilika mwaka 1969, likaitwa Swan House kwa heshima ya Joseph Swan, mvumbuzi wa taa ya umeme aliyefanya kazi yake Newcastle. Ndani yake ilijengwa nakala ya ukumbi wa akedi ya zamani. Mwanzoni mwa karne hii jengo hilo nalo lilibadilishwa kutoka ofisi kuwa nyumba za kuishi, na jina likawa 55 Degrees North, kwa sababu mji huo uko karibu na latitudo ya digrii 55 kaskazini mwa ikweta. Mwalimu aweza kuitumia nafasi hii kuunganisha historia na jiografia, kwa kuwaomba wanafunzi wautafute mji huo katika ramani ya dunia kwa kutumia latitudo.

Kwa nini ilivunjwa?

Sasa tulirudie swali la msichana wetu. Kosa ambalo mwalimu aweza kulitenda hapa ni kujibu kwa neno moja: "ujinga" au "maendeleo". Majibu hayo mawili hufunga mlango wa fikra. Waliovunja Royal Arcade walikuwa na hoja. Mji ulihitaji barabara. Jengo halikuwa na wateja wa kutosha kulitunza. Tena miaka ile watu wengi wa Uingereza waliyaona majengo ya karne ya 19 kuwa ni mazito, machafu kwa moshi wa makaa ya mawe, na ya zamani bila kuwa ya kale. Jengo la miaka 500 huheshimiwa, lakini jengo la umri wa babu huonekana limechakaa tu. Huo ndio umri wa hatari kwa jengo lolote.

Njia bora ya kuwafanya wanafunzi waelewe ni kulinganisha. Mwaka 1835, miaka mitatu tu baada ya Royal Arcade, Grainger na Dobson wale wale walimaliza jengo jingine, Grainger Market, soko la nyama na mboga lenye paa. Ufunguzi wake ulifanyiwa karamu ya watu wapatao 2,000. Soko hilo lipo hadi leo na watu hununua humo. Mjenzi mmoja, msanifu mmoja, mji mmoja, wakati mmoja: kwa nini moja limekufa na jingine liko hai?

Wanafunzi wenyewe watalijibu wakiongozwa vizuri. Soko lilikuwa katikati ya mitaa mipya, na akedi ilikuwa pembeni. Soko liliuza vitu ambavyo kila nyumba huvihitaji kila siku, tajiri na maskini. Zaidi ya hayo, soko lilikubali kubadilika. Mwaka 1901 moto uliunguza paa la ukumbi wa mboga, likajengwa paa la namna nyingine, na biashara ikaendelea. Kutokana na ulinganisho huu wanafunzi watapata kanuni moja ambayo ni bora kuliko tarehe kumi: jengo hulindwa kwanza na watu wanaolitumia. Uzuri peke yake haukuiokoa Royal Arcade.

Thamani yake kama urithi

Ikiwa jengo lilishindwa kibiashara na sasa halipo, lina thamani gani? Tunaona thamani yake katika mambo manne.

La kwanza ni kazi ya mikono. Mawe yale yalichongwa na waashi ambao majina yao wengi hatuyasikii. Tunamtaja Grainger na Dobson, lakini nguzo haikuchongwa na jina. Jengo linapovunjwa, ushahidi wa ustadi wa watu hao hupotea.

La pili ni habari za maisha. Ukubwa wa duka, upana wa njia, mahali pa dirisha, vyote hutueleza jinsi watu walivyonunua na kuuza. Kitabu chaweza kusema kwamba wanunuzi wa karne ya 19 walianza kutembea madukani kwa starehe. Akedi humwonyesha mtu mahali penyewe walipotembea.

La tatu ni nafasi ya watu wote. Akedi ilikuwa mali ya mtu, lakini mpita njia aliruhusiwa kuingia bila kulipa. Mahali pa namna hiyo hukaa katika kumbukumbu za watu wengi kuliko nyumba ya tajiri yenye lango lililofungwa. Linapotoweka, si mwenye nyumba peke yake anayepoteza.

La nne, ambalo kwetu walimu ndilo kubwa, ni funzo la kuweka kumbukumbu. Kisa cha mawe na chaki, hata kama kila neno lake lisichukuliwe kuwa hati, kinaeleza jambo la kweli: mawe bila maelezo ni kifusi. Kila jiwe la Royal Arcade lingaliweza kuhifadhiwa salama, na bado jengo lingalikuwa limepotea iwapo hapakuwa na mtu aliyejua mpango wake. Na kinyume chake pia ni kweli: jengo lililochorwa, kupimwa na kupigwa picha vizuri huweza kufundishwa hata baada ya mawe yake kutawanyika.

Je, nakala iliyojengwa ndani ya Swan House ilikuwa urithi? Swali hili lina faida kubwa darasani. Wapo watakaosema ndiyo, kwa kuwa umbo lilihifadhiwa. Wapo watakaosema hapana, kwa kuwa ukumbi ule haukuunganisha mitaa tena, wala mawe yake hayakuwa yale yaliyochongwa mwaka 1832. Mwalimu awape na mfano wa kulinganisha. Strand Arcade ya Sydney iliungua vibaya mwaka 1976, ikatengenezwa upya kwa kufuata sura yake ya awali. Sehemu yake kubwa leo ni kazi mpya. Lakini iko pale pale ilipokuwa tangu 1892, huunganisha mitaa ile ile miwili, na maduka yake yanafanya biashara. Ipi kati ya hizo mbili iko karibu zaidi na urithi halisi? Mwalimu asitoe hukumu haraka. Awatake wanafunzi watoe sababu.

Hatua za kufundisha

Tunapendekeza vipindi vitatu vya dakika 40. Zana zinazohitajika ni ubao, kamba, chaki, matofali au mawe kumi na mawili yasiyolingana, ndoo ya maji, na karatasi. Hakuna kinachohitaji kununuliwa.

Kipindi cha kwanza kianze na soko wanalolijua wanafunzi. Waulizwe: Mvua ikinyesha, wauzaji hufanya nini? Wanunuzi husimama wapi? Bidhaa gani huharibika? Kutokana na majibu yao mwalimu ajenge wazo la njia yenye paa na maduka pembeni. Kisha awapeleke uwanjani. Strand Arcade ina urefu wa mita 104, yaani karibu sawa na urefu wa uwanja wa mpira wa kawaida. Wanafunzi waupime urefu huo kwa kamba au kwa hatua, wajipange mistari miwili wakitazamana kama maduka, na wenzao wachache wapite katikati. Mtoto aliyesimama katika mstari huo hatasahau akedi ni kitu gani. Waliporudi darasani, mwalimu asimulie habari za Royal Arcade kwa dakika kumi, akichora mstari wa miaka ubaoni: 1832, 1835, 1837, 1901, 1963, 1969.

Kipindi cha pili ni cha mahakama ya jengo. Darasa ligawanywe katika makundi matano: wenye maduka, madereva, waashi, madiwani na wazee wa mji. Kila kundi lipewe dakika kumi kutayarisha hoja juu ya swali hili: "Mwaka 1963, je, akedi ivunjwe?" Mwalimu ahakikishe kwamba kundi la madiwani halipewi watoto wanyonge kwa kuwa linaonekana kuwa na hoja mbaya. Hoja yake ina nguvu, na wanafunzi hawana budi kuisikia ikitetewa vizuri. Mwishoni, badala ya kupiga kura ya ndiyo au hapana peke yake, kila kundi liseme jambo moja ambalo halmashauri ingepaswa kulifanya kabla ya kuvunja.

Kipindi cha tatu ni cha majaribio. Mwalimu apange matofali au mawe kumi na mawili kuwa ukuta mdogo. Kundi la kwanza liyaandike namba kwa chaki, liyabomoe, kisha liyamwagie maji. Kundi la pili lichore kwanza mpango wa ukuta kwenye karatasi, likionyesha umbo na alama ya kila jiwe, ndipo libomoe na kumwaga maji vivyo hivyo. Halafu kila kundi lijaribu kujenga upya. Tumelifanya zoezi hili na wanachuo wetu, na kundi la chaki lilibaki likibishana juu ya jiwe la pembeni mpaka kengele ikalia. Baada ya zoezi mwalimu aulize swali moja tu: "Kundi la pili lilikuwa na kitu gani ambacho la kwanza halikuwa nacho?" Hapo ndipo asimulie kisa cha mawe ya Newcastle. Kikisimuliwa mapema, zoezi hupoteza ladha.

Kazi ya nyumbani iwe ya mahali pao. Kila mwanafunzi atafute jengo moja ambalo halipo tena au ambalo linakaribia kuvunjwa: soko, duka, kituo cha basi, ghala, hata darasa la zamani la shule yao. Amwendee mzee mmoja, amwamkie kwa adabu, na amwulize maswali haya: Lilikuwa wapi? Lilijengwa kwa vitu gani? Nani walilitumia? Wewe ulifanya nini humo? Kwa nini halipo? Nani mwingine anakumbuka? Majibu yaandikwe pamoja na jina la jengo, mahali, tarehe ya mazungumzo, na ruhusa ya mzee. Yakikusanywa katika daftari moja linalotunzwa shuleni, shule itakuwa na kumbukumbu ambayo sisi tuliikosa ofisini siku ile.

Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuyafanya majengo ya Ulaya kuwa kipimo cha uzuri. Royal Arcade imetumika hapa kama kisa, si kama kielelezo cha kuigwa. Nguzo zake zenyewe ziliigwa kutoka kwa Wayunani.

Kosa la pili ni kuchanganya simulizi na hati. Mwaka wa kubomolewa ni jambo la hati. Mvua iliyofuta chaki ni simulizi. Simulizi lina thamani yake, lakini wanafunzi wafundishwe kusema "inasimuliwa" pale inapostahili. Hali kadhalika maneno ya mzee wa mtaani yapokelewe kwa heshima, kisha yalinganishwe na ya mzee mwingine.

Kosa la tatu ni kuomboleza. Mwalimu anayefundisha kwamba kila cha zamani kilikuwa bora huwafanya watoto waione historia kama malalamiko ya wakubwa. Yako majengo ambayo yalistahili kuvunjwa. Kazi yetu ni kuwafundisha watoto kuuliza kabla, kupima, na kuandika.

Hitimisho

Leo tungeulizwa tena swali la msichana yule, tungemjibu hivi: Lilivunjwa kwa sababu wenye uamuzi walihitaji kitu kingine mahali pale, na watu waliolitumia walikuwa wachache mno kulitetea. Huenda walikosea, huenda hawakukosea. Lakini hakuna aliyewalazimisha kulivunja bila kulipima na kulichora, na hilo ndilo ambalo wewe na wenzako mnaweza kulizuia. Kisha tungempa kamba, karatasi na penseli, tukamwelekeza kwa yule seremala mzee.

Maswali ya majadiliano

1. Eleza tofauti iliyofanya Grainger Market idumu na Royal Arcade isidumu. Ni ipi kati ya sababu hizo inayohusu majengo ya mahali unapotoka?

2. Tayarisha hoja tatu za madiwani wa mwaka 1963 ambazo mwanafunzi wa Darasa la Tano anaweza kuzielewa na kuzitetea.

3. "Nakala ya jengo ni urithi kama jengo lenyewe." Jadili kwa kutumia mifano ya Newcastle na Sydney.

4. Chagua jengo moja lililo karibu na shule ya mazoezi. Lipime, lichore, na uandike andalio la somo la kipindi kimoja juu yake. Usisubiri livunjwe.